Mke wa Azriel na Zaburi ya Kalinets

Mume wangu Azriel hakunioa mimi. Alioa kitabu, na mimi nikafuata nyuma pamoja na mito miwili ya manyoya na sufuria ya shaba.

Simsingizii. Siku mshenga alipomleta nyumbani kwetu, Azriel hakuniangalia hata mara moja. Aliangalia rafu. Pale juu, kati ya vinara vya Sabato na mtungi wa chumvi, kilikuwepo kitabu cha Zaburi chenye ufafanuzi wa Reb Shmaye, rabi wa zamani wa mji wetu. Kilichapwa kabla mama yangu hajazaliwa, na nakala nyingine zote ziliteketea siku nyumba ya kusomea iliposhika moto, kwa hiyo hapa Kalinets watu walikitaja kwa sauti ya chini. Azriel akainuka, akakibusu, akauliza, "Hiki kinakwenda na binti?"

Baba akajibu, "Kinakwenda na binti."

"Basi nimeridhika."

Mama akanifinya mkono kwa furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na akili ya kumrushia mtu sufuria.

Kitabu kilifika kwetu kwa mkono wa bibi yangu, aliyekuwa mpishi wa Reb Shmaye. Watu wa hapa husema Reb Shmaye aliandika ufafanuzi wake kwa roho iliyomshukia kutoka mbinguni. Bibi alisema aliandika kwa mishumaa ya mkewe, Brayne, aliyetembeza chachu ya mkate mlango kwa mlango ili mishumaa ipatikane. Aliandika nyuma ya karatasi za kufungia chachu, akazisahau mifukoni, na mara moja Brayne alianika kambani Zaburi ya thelathini pamoja na soksi. Lakini Bibi alimpenda mzee yule. Alisema ndiye mwanamume pekee wa Kalinets aliyeingia jikoni kuuliza jambo, si kuagiza chai. Na mwanamke akija kulia kwamba mumewe amemtoroka, Reb Shmaye aliweka kalamu chini, akavaa buti, akaenda kumtafuta mtoro mwenyewe, mpaka kwenye minada ya farasi. Ndiyo maana kitabu kilimchukua miaka ishirini na miwili. Hilo wanaume wetu hawalisimulii. Wao husimulia roho.

Rabi alipokufa, Brayne alimpa Bibi nakala yake mwenyewe. Bibi hakujua kusoma. Siku moja kwa haraka alitua sufuria ya moto juu ya jalada, ikaacha alama ya duara, akafunga saumu Jumatatu tatu kwa toba. Kwenye karatasi tupu ya mwanzo alikuwa akiomba watu wamwandikie kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo na kila aliyekufa. Mstari wa mama. Mstari wa mjomba. Mstari wangu mimi, Frume binti Leyzer. Halafu Azriel aliandika miwili kwa mkono wake: binti yetu Sheyndl amezaliwa, na miezi saba baadaye, Sheyndl amefariki. Mistari mitano. Nami, kama Bibi, sijui kusoma, lakini kuhesabu najua.

Baada ya Sheyndl, Azriel aliingia ndani ya kile kitabu akajifungia. Mimi nilinyonyoa mabata bukini ya mji mzima na kuuza manyoya, yeye alitikisa kichwa juu ya ukurasa. Vuli moja akasimama nyumba ya kusomea baada ya sala akatangaza ameota. Reb Shmaye amemjia ndotoni, amesema, "Nimechoka kukaa rafuni, nitembeze." Mtu mwenye akili angemwambia, Azriel, kula kitu, ulale. Wanaume wetu waliijadili ile ndoto siku tatu. Reb Kopl, msimamizi wa nyumba ya kusomea, ambaye hajawahi kukutana na jambo akaliacha lilivyo, alithibitisha kwa hoja nne kwamba ndoto ni ya kweli. Wakampa Azriel mkate, wakampakia kwenye gari la farasi, aende mji hadi mji akifundisha kutoka kitabu changu na kuwatafuta watu wa kugharamia uchapaji mpya.

"Nitarudi kabla ya Pasaka," akaniambia.

Sikumuuliza Pasaka ipi.

Zilipita kumi na saba. Kwetu mwanamke haachiki mpaka mume mwenyewe, kwa hiari yake, aandikishe hati ya talaka, au watu wathibitishe amekufa. Mume asiyekuwepo, asiyekufa na asiyeandika, huyo ni kufuli. Nilikwenda kwa Rabi Pinkhes, rabi wetu wa sasa, kila mwaka. Ni mtu mwema, mpole kama maziwa, na mwepesi kama jiwe la kusagia. "Tutalitazama, Frume," alisema kila mwaka, akaliweka pale alipoweka ya mwaka uliopita. Nuta, fundi mapipa, alifiwa na mkewe akaniomba tuoane. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu. "Wa mtu gani?" akauliza. Akaendelea kuniomba kila Sikukuu ya Vibanda ikiisha, bila haraka, kama mtu anayekagua pipa kama bado linavuja.

Basi Jumanne moja, vuli, nimekaa sokoni na magunia yangu ya manyoya, nikaona gari la farasi la Getsl, mchuuzi wa vitabu anayezunguka. Juu ya rundo, alama ya duara ya sufuria.

Nikaacha magunia.

"Getsl, hiki umekitoa wapi?"

"Mama, ondoa huo mkono wenye mafuta ya bata. Hicho si cha wanawake. Vya wanawake viko huku, vina picha."

"Nimekuuliza umekitoa wapi."

"Ng'ambo ya mpaka, Hrubiv. Mke wa mwalimu wa watoto kanipa, nikampa ndoo na viatu vya mtoto. Alisema akikiona tena mezani kwake atakitia motoni, na dhambi iwe yangu. Mumewe alikuwa sinagogi. Nilipiga farasi, nikaondoka mbio."

Nilimwelewa mwanamke yule kabla sijapata nafasi ya kumchukia. Nikafungua karatasi ya mwanzo. Mistari niliiacha mitano. Sasa ilikuwa minane, na ile mipya ilikuwa na mkia uleule mrefu mwishoni mwa kila neno, mkono wa Azriel.

"Nisomee ya chini."

Getsl akavaa miwani, akasoma kama anayesoma orodha ya bidhaa. "'Mwanangu Simkhe amezaliwa hapa Hrubiv.' Mungu amkuze. 'Mwanangu Volf amezaliwa hapa Hrubiv.' Mungu amkuze. 'Binti yangu amezaliwa hapa Hrubiv, nimemwita Frume, kwa jina la marehemu mke wangu Frume binti Leyzer wa Kalinets, apumzike kwa amani.'" Akavua miwani. "Maskini. Wewe ni wa Kalinets, mama. Ulimjua marehemu?"

"Ndiye mimi," nikasema.

Sisi hatumpi mtoto jina la ndugu aliye hai. Ni kumchimbia kaburi. Hakuna mama wa Kalinets wala wa Hrubiv angekubali, kwa hiyo Azriel aliwaambia watu wa kule nimekufa, wakampa pole, wakampa na mke. Mimi nilikuwa nimekufa Hrubiv na nimefungwa Kalinets. Nikakibeba kitabu kifuani, nikaenda moja kwa moja nyumba ya kusomea, upande wa wanaume, Getsl nyuma yangu akipiga kelele, "Mwizi! Muuza manyoya mwizi!"

Sala ya asubuhi ilikuwa imekwisha na wanaume wanajiandaa kukaa kwenye mabenchi na vitabu vyao. Walipoona jalada, Mungu wangu! Walikimbilia kile kitabu kama watoto kwenye mkate wa asali. Mmoja akabusu, mwingine akalia, mwingine akanusa. Hakuna aliyeuliza kimerudi peke yake kwa nini. Ilinibidi nimsukumie Reb Kopl ile karatasi ya mwanzo puani.

Akasoma. Akashika ndevu.

"Hapa pameandikwa mke wa huyu mtu ni marehemu," akasema. "Wewe, Frume, u hai. Kwa hiyo huyu si Azriel wako."

"Reb Kopl! Imeandikwa Frume binti Leyzer wa Kalinets!"

"Huenda kulikuwa na Frume binti Leyzer mwingine."

"Wapi? Chini ya kitanda chako?"

Walicheka, na Reb Kopl akawa mwekundu. Mwingine akasema mwandiko si ushahidi. Mwingine akasema mwandiko ni ushahidi lakini mchuuzi si shahidi. Rabi Pinkhes akasema, "Polepole, jamani. Jambo hili linataka kutazamwa." Na wakati wanalitazama, mtu akafungua Zaburi ya kwanza, akasoma ufafanuzi wa Reb Shmaye kwa sauti, wengine wakasogea, wakaanza kutikisika, na mimi nikawa sipo. Nilisimama pale kama mwiko uliosahaulika chunguni.

Nilimpokonya kitabu aliyekuwa anasoma nikakiweka juu ya benchi refu karibu na jiko, nikaweka mkono wangu juu yake. Halafu kwa mkono mwingine nikavuta rafuni vitabu vitatu vitakatifu, nikavirusha kwenye mabenchi matatu yaliyobaki, kimoja kimoja. Si kuvirusha hasa. Niliviweka kwa nguvu.

Mtu wa kwetu hakai kwenye benchi ambalo kitabu kitakatifu kimelala juu yake. Vile vitatu wangeweza kuviondoa, na mmoja akanyoosha mkono.

"Bwana wee," nikamwambia, "ukiviondoa vile, nitapiga kelele mpaka mkeo asikie yuko sokoni."

Akarudisha mkono. Na kile cha Reb Shmaye hakuna ambaye angekiondoa bila kugusa mkono wangu, na hakuna mwanamume ambaye angegusa mkono wa mke wa mtu. Mara hiyo moja kufuli langu lilinifaa.

"Mwanamke, huku si upande wenu!"

"Najua. Upande wetu hauna jiko."

"Frume, magoti yangu!" akalia Reb Kopl. "Mimi mzee wa miaka sabini!"

"Egemea ukuta."

Tulisimama hivyo mpaka karibu adhuhuri. Walijaribu upole, walijaribu vitisho, wakamtuma mke wa rabi aje anitoe. Mke wa rabi akaja, akasikia habari za yule mtoto aliyepewa jina langu, akatema mate pembeni, akarudi zake jikoni akisema hajaona kitu cha kumtoa.

Nikawaambia, "Bibi yangu alimsikia Reb Shmaye jikoni. Alisema, imeandikwa Mungu huwafungua waliofungwa, lakini ufunguo kautia mfukoni mwa watu, na watu wanautafuta kila mahali isipokuwa mfukoni."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikadhani hatimaye nimewagusa.

"Hilo lipo Zaburi ya ngapi?" akauliza Reb Kopl. "Ukurasa gani? Mia na arobaini na sita? Inua mkono kidogo tutazame."

Nilitaka kulia. Lakini Rabi Pinkhes, ambaye muda wote alikuwa ameegemea jiko, mara akaruka kando, kanzu yake inatoa moshi. Jiko lilikuwa limemchoma mgongo. Akajipangusa, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakusema polepole. "Leteni karatasi na wino," akasema. "Reb Shmaye angekuwa ameshafika Hrubiv."

Barua ikaandikwa kwa rabi wa Hrubiv, watu watatu wakatia sahihi wamesimama. Getsl, aliyekuwa anarudi ng'ambo, akaipokea, na nyumba ya kusomea ikachanga ikamlipa kitabu chake. Nilipoona barua imeingia kifuani mwa Getsl, nikaondoa mkono. Reb Kopl akakinyakua kitabu akakifungia kabatini.

"Ni changu, nilipewa na baba nilipoolewa," nikasema.

"Tumekinunua, Frume. Ni cha umma."

Nilikuwa nimechoka. Nikaona, wacha wakichukue. Kitabu kile kilinilia mume, kiwale na wao.

Baridi ikaja, theluji ikafunga njia, Pasaka ikapita. Wiki moja baada ya Pasaka akafika mjumbe kutoka Hrubiv, mwembamba, mwenye kikohozi, na begi la ngozi. Tukakusanyika kwa Rabi Pinkhes. Mjumbe akaeleza kwamba Azriel alikana siku mbili, siku ya tatu mkewe wa kule akamwambia mbele ya watu, "Kama yu hai, basi mimi ni nani?" akampiga na kifuniko cha chungu, naye akakiri. Hati ya talaka ameandikisha kwa hiari, ipo hapa begini, sahihi, mashahidi wawili.

Nikanyoosha mikono.

"Ila kuna jambo," akasema mjumbe, akakohoa. "Nimeagizwa nisiitoe mpaka nipewe Zaburi ya Kalinets. Anasema hawezi kufundisha bila hiyo. Mkewe alipoitoa kwa mchuuzi, yeye alikaa sakafuni siku saba kama aliyefiwa."

"Na mimi nilipokufa," nikauliza, "alikaa siku ngapi?"

Mjumbe akatazama viatu vyake.

Sasa ndipo Kalinets ilipoamka. Barua yangu ilihitaji miaka kumi na saba na jiko la moto, lakini habari ya kitabu kuondoka ilijaza chumba cha rabi kabla sijafunga mdomo. Haiwezekani! Nakala pekee! Jasho la Reb Shmaye! Reb Kopl akanigeukia na uso mtamu.

"Frume, dada yangu, wewe ni mtu wa subira. Tutakinakili kwanza. Mwandiko wangu ni mzuri."

"Kwa muda gani?"

"Tukijitahidi? Mpaka sikukuu ya Hanuka, wakati wa baridi." Akafikiri. "Hanuka ya mwaka ujao, kwa uhakika zaidi."

"Mimi naondoka kesho asubuhi," akasema mjumbe, "Sabato isinikute njiani. Nikiondoka na hati, sirudi tena. Na yule bwana leo amekubali, kesho simjui."

"Basi tuanze sasa hivi," akasema Reb Kopl, na kweli walikimbia kwenda kuanza. Hakuna aliyeniuliza mimi. Niliyekuwa kwenye hati ni mimi, lakini walioketi na kujadili kama nifunguliwe mwaka huu au ujao ni wao, na safari hii nilikuta mabenchi yote yamekaliwa mapema.

Asubuhi nikaingia nyumba ya kusomea. Reb Kopl alikuwa peke yake mezani, macho mekundu, vidole vyeusi kwa wino. Alikuwa amefika Zaburi ya nne.

"Ngoja nimalize mstari huu," akasema.

"Malizia kichwani."

"Frume, utamuuza Reb Shmaye kwa karatasi moja?"

"Reb Shmaye angekitupa mwenyewe kutoka dirishani, na wewe unalijua hilo vizuri, kwa sababu umekisoma."

Nikafungua karatasi ya mwanzo, nikaweka kidole.

"Kama una wino uliobaki, ninakilie hii. Mistari mitano ya juu. Miaka yote hii, na usiku huu wote, hakuna aliyefikiri kuinakili."

Akasoma. Alipofika kwa Sheyndl alisoma mara mbili, kwa sababu alikuwa amesahau, wote walikuwa wamesahau. Akachukua karatasi safi, yake nzuri, akaandika mistari mitano polepole, akaipuliza ikakauka, akanipa.

"Na hapa chini ukate neno marehemu."

"Kuchafua kitabu ambacho si—"

"Reb Kopl!"

Akalikata. Mstari mmoja mnene. Nadhani hata alifurahi kidogo.

Nikakipeleka kitabu mwenyewe, nikamkabidhi mjumbe, akakifunga kwa kitambaa akakitia begini, akatoa hati. Rabi Pinkhes akanivulisha pete, akaniambia niunganishe viganja kama anayekinga maji. Mjumbe akaiachia karatasi, ikaanguka mikononi mwangu, nyepesi kuliko unyoya. Nikaibana kwapani, nikatembea hatua chache kama sheria inavyotaka, nikarudi. Miaka kumi na saba kwa hatua kama tano hivi. Rabi akaichukua, akaikata ncha, akasema, "Uko huru, Frume. Unaweza kuolewa na mtu yeyote." Akakohoa kama mjumbe. "Baada ya siku tisini."

"Siku tisini za nini?"

"Ndiyo sheria. Ili ijulikane kama huna mimba."

"Ya nani?"

Rabi akatazama dari. "Ya mume."

"Aliyeondoka miaka kumi na saba?"

"Sheria haimtazami mtu mmoja mmoja, Frume. Ni kwa wote."

Nikatoka nje kabla sijasema neno ambalo lingehitaji talaka nyingine. Nuta alikuwa amesimama uani na aproni yake, vumbi la mbao kwenye ndevu. Habari za kitabu zilikuwa zimeshamfikia. Mji mzima ulikuwa umeshaniita mwanamke aliyempoteza Reb Shmaye. Nikamwambia habari za siku tisini.

Nuta hakucheka. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Zinaishia katikati ya zile wiki tatu za maombolezo," akasema. "Kiangazi. Hakuna harusi wiki hizo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mpaka maombolezo yaishe. Mpaka Agosti, Frume."

Nilikaa pale pale kwenye ngazi za nyumba ya kusomea, nikiwa na karatasi ya Reb Kopl mkononi, nikaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kuumiza mbavu. Nuta akakaa ngazi ya chini yangu, akasubiri.

Dirisha la juu likafunguka. "Frume," akaita Rabi Pinkhes kwa upole, "wanawake hawakai hapo."